Bakshishi Inayotangulia Chakula

Bakshishi ya mpeleka chakula nchini Marekani ni fedha anayotoa mteja kushukuru huduma ambayo bado hajaiona. Programu humpangia viwango tayari, na kitufe cha kutotoa kitu hujificha pembeni kama mkwe mwenye deni.

Kutoa ni hiari, ila dereva huona makadirio ya malipo kabla ya kukubali safari, na oda kavu, isiyo na bakshishi, inaweza kukataliwa na huyu na yule mpaka chipsi zilegee. Mwaka 2023 kampuni ya kupeleka chakula ya DoorDash ilianza kujaribu onyo la wazi: asiyetoa huenda akasubiri zaidi.

Nani hufaidika? Hadi 2019, kampuni hiyohiyo iliihesabu bakshishi ndani ya malipo iliyokwisha kumwahidi dereva. Mteja akitoa dola 3, mara nyingi fungu la kampuni lilipungua dola 3. Mkarimu alikuwa akimtunza tajiri, dereva akiambulia asante. Amazon nayo, mwaka 2021, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 61 kwa bakshishi ambazo madereva wa huduma yake ya upelekaji ya Flex hawakuzipata.

New York City ilipoweka kima cha chini cha malipo ya wapeleka chakula, dola 17.96 kwa saa, Desemba 2023, kampuni kubwa ziliongeza ada na kukisogeza kitufe cha bakshishi kije baada ya mteja kulipa. Ada haina kitufe cha kuikataa.

Noti inayotolewa mlangoni haipitii hesabu ya kampuni yoyote. Tatizo ni kwamba mwenye noti, kwenye simu ya dereva, anaonekana bahili.