Jinsi ya Kusahihisha Herufi Moja kwa Asubuhi Nzima

Saa tatu asubuhi. Mkuu wa kitengo amesimama nyuma ya kiti chako, kidole kwenye skrini: kitufe cha ukurasa wa malipo kimeandikwa "Thibitsha". Irabu imetoroka. Programu ni ya Java, inaendeshwa na Tomcat kwenye seva ya majaribio. Usiwe na papara. Fuata hatua hizi.

Kwanza, usiguse faili moja peke yake, watu watakuona mvivu. Futa kila kilichowahi kukompailiwa, kompaili upya mradi mzima, kisha funga vyote ndani ya WAR moja, pamoja na zile maktaba ambazo hazijabadilika tangu mwaka juzi. Balbu ikiungua sebuleni, fundi anayejiheshimu huanza na msingi wa nyumba.

Pili, zima seva, uiwashe. Itakwambia poti 8080 ina mtu. Mtu huyo ni seva ileile. Haikufa, ilijilaza tu. Itafute, imalize, washa tena. Hapo unastahili chai ya kwanza.

Tatu, ukishauriwa kupakia upya programu bila kuzima seva, kubali, na urudie mara ishirini. Toleo la zamani likiondolewa, uzi mmoja uliosahaulika ukaendelea kulishikilia, klasi zake zote hubaki kwenye kumbukumbu. Ni mpangaji aliyehama, mdogo wake akabaki na ufunguo, na makabati yote yamo ndani. Zamani chumba hicho kiliitwa PermGen, nacho kilijaa upesi. Java 8 ya mwaka 2014 ilikiondoa, ikaleta Metaspace, ambayo usipoiwekea mpaka huweza kujitanua hadi imeze kumbukumbu ya mashine nzima. Maendeleo hayo.

Nne, jihadhari na dibaga. Tangu Java 1.4 ya mwaka 2002, inaweza kubadilisha mwili wa methodi huku programu ikiendelea kukimbia. Dawa yake ni kuongeza methodi mpya. Itagoma, nawe utarudi hatua ya kwanza ukiwa na dhamiri safi.

Tano, kijana wa field asikaribie kibodi. Wa kwetu alifungua folda ambamo Tomcat iliitandaza ile WAR, akaongeza "i" kwenye ukurasa wa JSP, akahifadhi. Tomcat, kwa mpangilio wake wa kawaida, hugundua yenyewe JSP iliyobadilika na kuikompaili hiyo tu. Kitufe kikasoma "Thibitisha".

"Umezima seva saa ngapi?" nikamuuliza.

"Sijaizima, kaka."

Birika lilikuwa halijachemka. Siku nzima sikumsemesha.

Kesho yake tukafunga WAR mpya, na "Thibitsha" ikarudi. Kijana alikuwa amesahihisha nakala ya kwenye seva, akaisahau ile ya kwenye mradi. Nikamvutia kiti, nikammiminia kikombe. Sasa ni mwenzetu.