Pima Sola Yako kwa Uvivu

Sogea karibu ndugu yangu, haya ni yetu wawili. Umefunga paneli juu ya bati, umenunua inveta na betri, na fundi amekuwekea kwenye simu programu inayochora mistari ya rangi kutwa nzima. Amekuambia uifuatilie. Hutaifuatilia. Wiki ya kwanza utaichungulia kila nusu saa na kumwonyesha mgeni kabla hajapewa kiti. Wiki ya nne utakuwa umesahau nywila. Binadamu ndivyo tulivyo, na sitaki tugombane na maumbile. Nakupa njia za mkato, zote nazitumia kwangu Goba.

1. Weka daftari jepesi

Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini wahenga hawakusema daftari liwe zito. Tundika kalenda jikoni, kalamu ining'inie kwa uzi. Kila alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, andika namba moja tu: betri imeamkaje. Namba hiyo imebeba habari za jana mchana na usiku kucha. Ikisimama palepale wiki nzima, kanywe chai. Ikishuka kidogo kila siku, unakula kuliko unavyovuna, na umejua mapema kabla ya giza kukukuta mezani.

2. Jua betri yako inasema nini

Betri ya asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika, husoma 12.7 ikijaa na 12.2 ikibaki nusu hivi. Ikifika 11.8 imekwisha, na ukiizoesha kufika huko unaiua. Ya lithiamu ina tabia nyingine: volti zake hutulia kwa muda mrefu, halafu huporomoka ghafla mwishoni. Kwa hiyo achana na volti zake, soma asilimia kwenye kioo. Mara chache kwa mwezi iache ijae kabisa, ili hesabu yake ya ndani ijisahihishe.

3. Chungulia mchana mara moja kwa wiki

Chagua saa sita ya siku isiyo na mawingu, betri ikiwa bado ina njaa, usome wati za paneli kwenye inveta. Hilo la njaa ni muhimu: betri ikishajaa, inveta huzibana paneli, namba hushuka, na watu humwita fundi bure.

Paneli za wati 1,000 usizidai 1,000. Kiwango hicho hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na juu ya bati la Dar es Salaam joto lao huvuka 50 kwa urahisi. Kila nyuzi inayoongezeka hupunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Ukiona 750, shukuru. Ukiona 500 jua likiwa kali, tafuta ngazi, au kijana mwenye magoti mazuri kuliko yako. Atakuta vumbi, kinyesi cha kunguru, au tawi la mwembe wa jirani. Kivuli kwenye paneli moja kinaweza kuziburuza zote zilizofungwa nayo mstari mmoja. Osha asubuhi na mapema; maji baridi kwenye kioo kilichochomwa na jua yanaweza kukipasua.

4. Hesabu taa nyekundu

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti, mara nyingi 1000 imp/kWh. Kama ni 1000, hesabu mipepeso kwa sekunde 36, kisha zidisha kwa 100: hizo ndizo wati nyumba inazovuta kutoka TANESCO wakati huo. Mipepeso saba, wati 700. Kama ni 1600, gawa jibu kwa 1.6. Halafu zima kitu kimoja kimoja, urudi kuhesabu. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Njia hii iliniokoa. Betri yangu ilikuwa haifiki alfajiri, na fundi alishanishauri ninunue ya pili. Kabla sijatoa hela, usiku mmoja niliirudisha nyumba yote kwenye umeme wa TANESCO, nikaketi kwenye kigoda mbele ya mita. Taa ilikuwa ikipepesa kivivu, friji tu. Ghafla ikaanza kukimbia, sekunde kadhaa, ikatulia. Dakika chache baadaye ikakimbia tena. Nikasikia mlio nyuma ya nyumba: pampu ya kusukuma maji ilikuwa inajiwasha yenyewe. Nikafuata bomba hadi choo cha wageni, nikamulika bakuli kwa simu. Maji yalikuwa yakiteleza ndani yake, membamba kama uzi, bila sauti. Tulibadilisha mpira mmoja ndani ya tangi la choo, na betri ileile ikaanza kuamka na akiba.

5. Fuata joto

Usitafute mwizi kwenye taa za sebuleni. Kinachopasha moto ndicho kinachokula: birika, pasi, jiko la umeme, shawa ya maji moto. Birika la wati 2,000 kwa dakika tano hula sawa na televisheni ya wati 80 kwa saa mbili, au kujaza simu nane hivi. Kwa hiyo waache watoto na chaja zao, nyumba ipate amani. Wewe hamishia pasi na kufua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa limesimama. Kuhamisha saa hakugharimu hata senti, na mara nyingi kunafanya kazi ya betri ya pili.

6. Soma uniti, usisome shilingi

Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo elfu kumi ya leo na ya wiki ijayo zinaweza kukupa uniti tofauti. Andika uniti kwenye kalenda ileile.

Na hapa pana mkato mtamu kuliko yote. Mteja wa kundi la matumizi madogo hulipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kisha Sh350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Maana yake huhitaji sola ya kukutoa TANESCO kabisa. Inatosha ile ya kukubakiza chini ya 75. Paneli za kilowati moja, siku nzuri, huvuna kama uniti nne. Friji na taa zikihamia huko, mlima umeupita.

7. Majivuno yako yafanyie kazi

Unapenda kusifiwa, na mimi napenda. Basi andika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa friji tarehe uliyonunua LUKU mara ya mwisho. Kila mgeni ataiona, atauliza, nawe utaeleza kwa raha. Ukishaeleza mara tatu, utaona haya kuifuta upesi, na utaizima pasi mwenyewe. Namba ya alfajiri mpe mtoto aisome. Hakuna mkaguzi mkali kama mtoto aliyekabidhiwa kalamu.

Masika yakiingia, Machi hadi Mei, namba zitashuka. Usiogope, wala usinunue kitu. Fungua kurasa za mwaka jana ulinganishe.

Anza leo usiku. Wakishalala wote, irudishe nyumba kwenye TANESCO, chukua kigoda ukaketi mbele ya mita, hesabu mipepeso kwa sekunde 36. Halafu ukamulike choo cha wageni.