Mwaka wa Nzige

Leicester, Uingereza

Kaka,

Mimi huku ni mzima. Goti la kushoto tu ndilo lenye malalamiko.

Mnataka kumfanyia Mama sherehe ya kuzaliwa hapo kijijini Mbangala, halafu tarehe mnaniuliza mimi kitindamimba! Mwenyewe husema alizaliwa mwaka wa nzige. Basi nimesoma: nzige wekundu, ambao bonde letu la Rukwa ni mojawapo ya mazalia yao, walianza kuzagaa 1930 wakaja kwisha 1944. Yaani mwaka wa nzige una miaka 14. Ndiyo maana Mama akienda zahanati ni mtoto wa nzige wa kwanza, wazee wenzake wote wampishe. Akialikwa harusini ni wa nzige wa mwisho, na ngoma anaingia. Kitambulisho kinasema Julai mosi, sawa na cha Mama Mdogo na cha nusu ya kijiji.

Huku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hakuna ujanja huo. Bibi ninayemwogesha asubuhi anajua hadi saa aliyozaliwa. Akitimiza 100, Mfalme atamtumia kadi, desturi ya tangu 1917. Nikamhadithia Mama kwa simu ya video, nikiongea na kipaji chake cha uso na boriti za paa kama kawaida. Akasema: “Mwambie huyo Mfalme nilizaliwa chini ya bendera yao, na baba yangu kodi ya kichwa alilipa. Kadi ije, na nauli ya kuifuata mjini Mkwajuni watoe wao.”

Kaka, asante. Mimi nalipwa kuogesha mama za watu; wewe na shemeji mnamtunza wetu bila mshahara, na matusi juu. Nimeambiwa kliniki unampeleka kwa bodaboda, anakaa upande, mwavuli wazi, anamkaripia dereva njia nzima.

Nawe umekua. Kwa picha yako ya juzi nilitaka kuuliza marehemu Baba amepata wapi shati lako. Lakini nisikucheke: majuzi kwenye basi msichana alinipisha kiti. Nikageuka kumtafuta mzee aliye nyuma yangu, sikuona mtu. Nikakaa. Kiti kilikuwa kitamu, sikufichi.

Sherehe ifanyeni baada ya mavuno, la sivyo hatoki shambani. Hela ya mchele na mbuzi nimetuma, shemeji ndiye aishike.

Na kile kigari cha kujishikilia, Kaka, nilikituma ili Mama atembelee. Nasikia kinabeba mahindi kwenda mashineni, na dereva ni yeye mwenyewe. Mwacheni. Tairi zikiisha ulizeni Tunduma, pale mpakani hakikosekani kitu.

Mdogo wako