Kila Mshauri Mpe Kijiko

Mtoto wa miezi kumi akiharisha usiku, hadi jua lichomoze nyumba imejaa. Mama mkwe amekwisha fika. Jirani yuko mlangoni na kanga yake begani. Shangazi anatoa maelekezo kwa simu kutoka Morogoro, na baba wa mtoto amesimama katikati ya chumba na ufunguo wa pikipiki mkononi, hajui aende wapi. Kila mmoja ameshaujua ugonjwa, na kila mmoja ana dawa yake. Mama akitaka kubishana nao wote, mchana utaisha na mtoto bado anaharisha. Kwa hiyo mama, usibishane. Mpe kila mshauri kazi.

Anza na baba, kwa kuwa ana usafiri. Usimtume duka la dawa kwa mdomo tu, maana akifika pale ataulizwa mtoto ana nini, na atarudi na vidonge vya kufunga tumbo na antibayotiki ya kugawana nusu nusu. Vidonge vya kufunga tumbo si vya watoto wadogo. Antibayotiki haina kazi katika kuharisha kwa kawaida. Ina kazi pale choo kina damu au kuna kipindupindu, na hapo anayeamua ni mtaalamu wa afya. Mwandikie kwenye karatasi vitu viwili tu: pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji ya kunywa) na vidonge vya zinki. Akishauriwa kuongeza cha tatu, aionyeshe karatasi na kusema ametumwa na mama mtoto.

Jirani anayeongea kuliko wote mpe chupa. Pakiti ya kawaida ya ORS inaingia kwenye lita moja ya maji safi, yote kwa mara moja. Chupa mbili za nusu lita zitampa lita yake bila kubahatisha. Asikoroge robo ya pakiti kwenye glasi kwa kukadiria: chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, na sukari ikizidi inayavuta maji kuingia utumboni na kuharisha kunaongezeka. Ndiyo maana soda na juisi hazishiki nafasi ya ORS. Pakiti zikikosekana, apime vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mshauri huyu apewe heshima yake mbele ya watu kwa kupima vizuri; ni kazi ya kweli, na ikikosewa mtoto ndiye anayeumia.

Mama mkwe anastahili kazi kubwa kuliko zote, na ombi lake litangulizwe na salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto vipi?"

"Anaharisha tangu usiku, mama. Naomba umpakate umnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika tusubiri dakika kumi, halafu tuendelee polepole zaidi."

Hakuna kifaa cha hospitali kinachoweza kushindana na bibi mwenye subira na kijiko. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, na hawezi kuzimeza kwa mkupuo. Anahitaji mtu asiye na haraka. Ziwa la mama liendelee vilevile, na mara nyingi zaidi kuliko siku zote. Atakayesema maziwa yamemharibu tumbo mtoto, mpe nepi za kufua.

Kazi hii ya bibi ilishaokoa wengi: mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani upande wa India, na kipindupindu kikaingia kambini Bangaon. Dripu zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari vichanganywe kwenye maji, yakajazwa katika mapipa madogo yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakapewa vikombe wawanyweshe wenyewe. Pale ambapo vifo vilikuwa vikifikia takriban asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Ninaipenda habari hii kuliko nyingi za tiba, kwa sababu waliobeba vikombe walikuwa mama, wajomba na dada, watu walewale wanaojaa nyumbani kwako asubuhi hii. Siri iko utumboni: sukari inapopita kwenye ukuta wa utumbo inaivuta chumvi pamoja nayo, na maji yanafuata, hata mtoto akiwa bado anaharisha. ORS haikazi choo. Inarudisha kinachotoka, na kinachoua katika kuharisha mara nyingi ni maji yaliyokwisha mwilini.

Sasa aje yule wa meno ya plastiki. Huyu atafungua mdomo wa mtoto, atapapasa ufizi, atakuta uvimbe mweupe na kutangaza kwamba hayo ndiyo meno ya plastiki yanayomharisha, na kwamba anamfahamu mtu wa kuyatoa. Mtu huyo ana kisu, au spoki ya baiskeli iliyonolewa. Hapa heshima ibaki, lakini mtoto asitoke mikononi mwako. Uvimbe huo ni chonge la utotoni linalojiandaa kuota. Mtoto wa umri huo ameanza kutambaa, ameanza uji, kila anachokiokota kinaishia kinywani, na uchafu unaoingia humo unamharisha katika miezi ileile chonge linapovimba ufizi. Vitu viwili vimekutana tarehe, na kimoja kimesingiziwa kosa la kingine. Kinachochimbuliwa ni jino changa la mwanao, na pamoja nalo huweza kuharibika chembe ya jino la ukubwani. Wapo watoto waliotoka damu hadi kuishiwa, na wapo waliopata maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Wanaofanya kazi hii kwa spoki wanastahili kuchekwa hadharani, na baraza ya nyumba yenye mtoto mgonjwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Mshauri aliyekuja na habari yao mpe sabuni na ndoo: kila anayeingia anawe mikono, na yeye ndiye msimamizi. Kazi hiyo inagusa chanzo cha ugonjwa, spoki haikigusi.

Ndugu wa karibu wa mwenye spoki ni mkata kimeo, anayetafutwa mtoto akikohoa muda mrefu. Kimeo hakileti homa ya mapafu, na kukikata hakuiponyi. Mshauri wa kimeo mpe simu yenye saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kifua wazi, ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Atazame pia chini ya mbavu: pakiingia ndani mtoto anapovuta hewa, hesabu imekwisha, safari ya kituo cha afya imeanza.

Degedege ndiyo inayotisha nyumba nzima, na ndipo washauri wanapogeuka umati. Mmoja anatafuta kinyesi cha tembo amfukize mtoto. Mwingine anaapa kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Moshi huo unamchelewesha mtoto, na hofu ya sindano inamnyima dawa inayoweza kumwokoa malaria ikiwa imeshapanda hadi kwenye ubongo. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni (hapa tu ndipo kijiko kinapokatazwa), usimnyweshe chochote hadi azinduke. Mwenye sauti kubwa kuliko wote atoke nje aite bajaji.

Na wewe mama, ambaye umegawa kazi zote, kazi yako ni kutazama. Macho yamezama? Ukibana ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi upesi au inasitasita? Anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea hataki kuamka, choo kina damu? Moja tu kati ya hayo linatosha kufunga baraza. Ondoka naye, na ikiwa bado anaweza kumeza, mama mkwe apande nanyi na kikombe, aendelee kumnywesha njiani. Akiwa na homa, damu yake ipimwe malaria kabla mtu hajampa dawa ya mseto kwa kukisia.

Tumebaki na shangazi wa Morogoro. Amekasirika kwamba yuko mbali, na kazi yake ni ndefu kuliko za wengine. Zinki inatolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, miligramu 10 kwa aliye chini yake. Kuharisha kunaweza kukoma siku ya tatu, na hapo nyumba nyingi zinaviacha vidonge juu ya kabati, ingawa zinki ikimalizwa inamkinga mtoto asiharishe tena upesi katika miezi michache ifuatayo. Shangazi apige simu kila jioni aulize kama kidonge kimetolewa, na asikubali jibu la "kesho."

Washauri wakianza kuaga wakidai kila mmoja ndiye aliyemponya, wakubalie wote, halafu wagawie zamu za mlo. Mtoto aliyetoka kuharisha anahitaji mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, ili arudishe uzito uliopotea. Jumatatu jirani apike uji wa ulezi wenye karanga. Jumanne mama mkwe aponde ndizi na maharage. Baba ana Jumatano, na mayai anajua yanakouzwa.