Taarab Asilia na Wenye Nayo

Wazee wa taarab asilia wana ugonjwa mmoja: wakisikia kinanda cha umeme wanashika kifua. Hiyo si taarab, wanasema, hayo ni makelele ya kupashana. Asilia ni udi, fidla na ganuni, watu wameketi, wametulia, wamejifukiza.

Sawa. Ila asilia yenyewe ilipanda jahazi. Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, na kwa miaka mingi jumbani kuliimbwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mwuza vyungu kutoka Fumba, akaimba Kiswahili. Waungwana walimcheka. Walimtungia hata nyimbo za kumkumbusha vyungu vyake. Naye, badala ya kutulia, akaimba habari za mjini: nani kadhulumiwa, nani kahongwa. "Kijiti", wimbo wake unaotajwa leo kwa sauti ya ibada, unasimulia kesi ya mauaji. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, yaani teknolojia mpya ya kigeni, Mungu atunusuru.

Alifariki mwaka 1950, na tangu hapo hajamuudhi mtu. Sasa ni asilia, tena asilia mno, na wajukuu wa waliomcheka ndio wanaotufundisha namna ya kumsikiliza.

Kwa hiyo dada unayeimba mipasho huko Dar es Salaam, usihuzunike wakikuita mhuni. Heshima yako inakuja. Watakayemkabidhi ni mjukuu wako.