Leta Alipiga Magoti Chini ya Nyumba Yangu

Grand Rapids, Michigan, mwezi wa pili

Yaya, na wote wa nyumbani Bule,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Bibi yangu, mama wa watoto, ameusikiliza, na nadhani jirani pia, maana ulipaza sauti ili ifike Amerika bila kupitia mtandao. Swali lako lilikuwa moja: pesa ya mabati ya paa la nyumbani iko wapi? Yaya, pesa ya mabati imeingia ndani ya pipa. Pipa lenyewe liko chini ya nyumba yetu, na limebandikwa karatasi ya kijani na Leta, yaani serikali ya huku. Kaa kwanza nikueleze, kabla hujamwambia Papa kwamba nimeanza kunywa.

Nyumba za huku zina chumba kilichochimbwa chini ya sakafu, na humo ndimo linamokaa pipa la maji ya moto. Letu ni la lita 190, yaani bidoni tisa na nusu za njano, ambazo hakuna mtoto aliyezibeba kichwani. Maji yanaingia yenyewe, gesi inawaka yenyewe, moshi unapanda ndani ya bomba la bati hadi juu ya paa, na wewe uko juu unaoga na kuimba. Unaweza kuishi na pipa hilo miaka kumi bila kulisalimu.

La zamani lilikufa mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani. Kutu ilikuwa imelila chini, likamwaga maji yote usiku. Asubuhi nilichemsha maji kwenye sufuria ya maharagi, nikachanganya na ya baridi ndani ya beseni, nikawapa watoto kikombe. Hawa wamezaliwa kambini Kyangwali na huku. Kuoga kwa kikombe waliozaliwa kule wamekusahau, wa huku hawakujui. Wa mwisho alikitazama kile kikombe, akauliza kama ni cha kunywa. Mimi nilioga vizuri sana, nikakumbuka ile baridi ya milima inayomfanya mtu aoge na kusali kwa wakati mmoja. Bibi yangu hakukumbuka milima yoyote. Alitaka pipa.

Hapo akafika Artikle. Humjui. Ni mtu wa Bunia, tulijuana Kyangwali baada ya kuvuka Ziwa Albert, na jina hilo alipewa kwa sababu kila tatizo analimaliza kwa Artikle 15, sheria ambayo Mkongomani yeyote anaijua bila kwenda shule: mujipange. Wazee husema ilianzia kule Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Artikle ameileta hadi Michigan bila visa. Alilitazama pipa, akacheka. "Mukubwa, hapa kuna mirija miwili ya maji, mmoja wa gesi na mmoja wa moshi. Tununue pipa, saa mbili tumemaliza. Mimi unanipa sombe tu."

Bibi yangu alikuwa nyuma yetu, simu mkononi. Akasema: "Kibali nimekwisha kuomba."

Kibali, Yaya! Kubadilisha pipa la kuogea, ndani ya nyumba yangu, chini ya ardhi ambako hata jirani haoni, lazima mji upewe habari. Bibi alitujibu kwamba mji huu hauchezi na maji: ndio uliokuwa wa kwanza duniani kutia floridi kwenye maji ya bomba, Januari 1945, ili meno ya watoto yasioze. Mji uliojali meno ya watu wakati dunia iko vitani, akasema, utaacha kujali pipa lenye moto chini yake?

Kwetu tunaijua ruhusa ya kujenga. Unakwenda ofisini, unaambiwa urudi kesho. Kesho ukirudi, mwenye muhuri amekwenda matanga. Huku bibi alilipa kwa simu, risiti ikafika kabla hajaiweka simu mezani. Artikle akafurahi: "Basi yamekwisha. Leta amekula, sasa atalala." Hapana, Yaya. Huku ukilipia kibali, umemwita Leta nyumbani. Atakuja.

Kwanza alikuja fundi bomba mwenye leseni. Alilitoa pipa bovu, akafunga jipya, akapokea malipo yake (hapo ndipo yalipoondoka mabati ya upande wa sebule), akaenda zake. Maji ya moto yakarudi, watoto wakapiga vigelegele. Artikle alikagua kazi, mikono nyuma, akaisifu isipokuwa jambo moja. Ubavuni mwa pipa kulikuwa na mrija mfupi uliochungulia chini, hauna robine, hauendi popote, mdomo wazi. "Huu utadondosha maji. Nitaleta kizibo."

Kabla kizibo hakijafika, alifika mkaguzi wa mji. Mtu mzima, kitambulisho shingoni, tochi, futi ya kupimia. Bibi yangu alikuwa amepika wali, samaki na sombe. Harufu ilimpokea mlangoni. Akashukuru, akakataa. Kahawa? Akakataa. Soda ambayo haijafunguliwa? Akakataa nayo, akasema kwa upole kwamba kazi yake hairuhusu. Artikle akaninong'oneza: "Huyu ni hatari. Anayekataa chakula anataka matabishi makubwa." Nilimkanyaga mguu.

Mkaguzi akashuka ngazi, akapiga magoti.

Yaya, naomba picha hii uiangalie vizuri. Tangu nizaliwe, mbele ya Leta ni mimi ninayeinama. Nimeinama kwenye vizuizi vya barabarani, nimeinama dirishani kwa ajili ya karatasi, nimevua kofia mbele ya watu waliokuwa wanakula karanga. Sasa Leta mwenyewe, pamoja na mshahara wake na kitambulisho chake, amepiga magoti kwenye saruji baridi ya mkimbizi wa Bule, shavu karibu na sakafu, anapima. Nilitaka kumwambia ainuke, watu wasije wakaona.

Alichokuwa anapima ni ule mrija wa Artikle. Mdomo wake uliishia kwenye usawa wa kiuno cha mtoto. Akatikisa kichwa. Haupiti. Lazima ushuke hadi ubaki sentimita 15 kutoka sakafuni, au pungufu.

Nikamuuliza kwa nini, naye akanieleza akiwa bado chini. Pipa hili limefungwa pande zote. Siku kidhibiti cha moto kikiharibika, gesi haizimiki, na maji yanapita nyuzijoto 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria ya maharagi? Mvuke ukizidi, kifuniko kinacheza, unatoka kidogo, kinarudi. Pipa nalo lina jiwe lake, wanaliita vali ya usalama. Mfaransa Denis Papin alilifikiria katika karne ya 17, naye pia alianzia kwenye sufuria ya kupikia. Hii yetu inafunguka maji yakifika nyuzijoto 99, au msukumo ukifika bar 10 hivi. Yanayotoka hapo yanaunguza, kwa hiyo mrija uyapeleke sakafuni, yasimkute mtoto usoni. Mrija usiwe na robine, kwa sababu kuna siku mtu ataifunga. Na mdomo wake usiwe na meno ya kuzungushia kifuniko, kwa sababu, alisema mkaguzi, kila nyumba ina mtu atakayekuja na kizibo.

Hakuwa amesikia neno kuhusu kizibo. Artikle alianza kuhesabu mbao za dari.

Mkaguzi akaendelea. Maji ya baridi yakipashwa hadi nyuzijoto 49, kiwango ambacho hakimchomi mtoto mara moja, lita 190 zinaongezeka lita mbili hivi. Hayo yangerudi kwenye bomba la barabarani, lakini kwenye mita yetu kuna mlango unaofunguka upande mmoja tu, kwa hiyo lazima kiwepo kitangi kidogo cha kuyapokea. Fundi hakukiweka. Bomba la moshi lipande sentimita mbili kila mita linapolala, moshi usije ukasita njiani ukageuka kurudi ndani. Hilo lilikuwa sawa. Akaandika makosa mawili, akatupa karatasi, akaaga. Fundi akarudi amenuna, akaurefusha mrija bure, lakini kitangi tulilipia. Hapo yakaondoka mabati ya upande wa jikoni. Mkaguzi alipokuja tena, alibandika ile karatasi ya kijani, akakataa sombe kwa mara nyingine.

Nilijiuliza ni nani aliyekaa mahali akawaza sentimita 15, nikaanza kusoma. Tarehe 20 Machi 1905, huko Brockton, Massachusetts, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover ililipuka, watu 58 wakafa. Mwaka 1907 jimbo hilo lilikuwa na kanuni zake za boila, na miaka michache baadaye wahandisi wa Amerika wakaandika za nchi nzima. Tarehe 19 Januari 1982, kule Spencer, Oklahoma, pipa la maji ya moto la shule ya msingi ya Star lililipuka wakati wa chakula cha mchana. Walikufa 7: watoto 6 na mwalimu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ukuta wa darasa hauwezi kubishana na hesabu hiyo. Kwa hiyo futi ya mkaguzi haikutoka kichwani mwake. Ilitoka kwenye mazishi ambayo baada yake kuna watu walikaa wakaandika.

Sehemu inayofuata usimsomee Mama. Nilipofika kwenye wale 58 wa Brockton nilifikiria kambi ya Plaine Savo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, hapo hapo Bule, waliuawa karibu watu 60, watu waliokuwa wamekwisha kukimbia mara moja. Nani alikuja baadaye na futi, akapiga magoti, akapima ni nini kilichokosekana ili mauaji yasirudie? Wa Brockton walipata kanuni baada ya miaka miwili hivi. Wetu walipata rambirambi, Yaya, na rambirambi haina sentimita.

Sasa unaweza kumwita Mama, kwa sababu hii inamhusu. Kuna kanuni moja ambayo tunaweza kuifuata bila kumsubiri Leta. Mkaguzi alipima bomba la moshi kwa ajili ya gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja, na mtu haamki. Huku nyumba zinafungiwa mashine ndogo ya kuinusa, ambayo hulia usiku na kuamsha mtaa mzima. Yaya, gesi hiyo hiyo inatoka kwenye makaa ya mbabula. Najua baridi ya Bule, na najua Koko anaingiza mbabula chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala akiwa amefurahi. Makaa yakishakuwa mekundu bila moshi watu wanadhani hatari imekwisha, kumbe bado yanaitoa. Mbabula ilale nje. Koko apewe blanketi la pili. Hilo nalilipia mimi, halitoki kwenye mabati. Na akikataa, mwambie ni amri ya Amerika, maana ya mjukuu hataisikia.

Tuje kwenye mabati yenyewe. Ijumaa natuma nusu ya pesa. Nusu ya pili itafuata ukaguzi, na mkaguzi ni mimi. Nataka picha za mahali bati linapolala juu ya bati lingine, futi ikiwa imewekwa pembeni niisome. Nataka picha ya misumari yenye kofia, ipite kwenye mgongo wa wimbi la bati, isipite bondeni ambako mvua inakaa. Na jikoni kwa Mama muache nafasi ya moshi kutoka juu. Hiyo bila picha pesa haitoki. Najua utakasirika, utasema mdogo wako amekuwa Leta. Ni kweli, lakini mimi nalipa kabla ya kukagua na baada ya kukagua, jambo ambalo Leta wetu hajawahi kulijaribu.

Msalimie Papa, Mama, Koko, tantine wote na majirani waliorudi.

Mdogo wako.

Nilisahau: Artikle amenunua futi. Anazunguka nyumba za Wakongomani wa mji huu, anashuka chini, anapiga magoti, anapima mirija, na amekwisha kuvua vizibo katika nyumba kadhaa. Anasema tofauti yake na yule wa mji ni ndogo tu: kazi yake yeye inaruhusu sombe.