Gari Inanukia Pilau

Mwenye lori hasalimiwi. Jina la dereva likitokea kwenye simu usiku wa manane, usitegemee shikamoo wala habari za nyumbani. Utasikia kiungo cha gari. "Mama, springi." "Mama, tairi ya nyuma." "Mama, trafiki." Kwa hiyo usiku ule dereva wangu alipoanza na "Shikamoo mama, mzee hajambo? Wajukuu je?", niliketi kitandani nikatafuta miwani, maana adabu ya namna hiyo huwa ina gharama.

"Gari imechemsha," akasema. "Tupo katikati ya Kitonga. Halafu mama, kabla haijachemsha inanukia pilau."

La pilau nililipuuza. Nilijua wamekula Mbuyuni, na nilijua wamekula kwa hela ya nani.

Kwa asiyeipita njia hiyo: ukitoka Morogoro kwenda Iringa, barabara kuu ya Zambia inakuteremsha kwenye bonde la Ruaha, kwenye mibuyu na joto la kukausha mate, inakupitisha Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, kisha bila kukuomba radhi inakubandika kwenye ukuta wa mlima wa Kitonga wenye kona juu ya kona. Biashara yangu ni vitunguu. Nanunua Mbuyuni, nauza Iringa, Makambako na Njombe. Maana yake Fuso langu halijapata kuupanda mlima ule likiwa tupu. Linapakiwa chini, kwenye joto, na muda si mrefu linapanda kwa gia ndogo nyuma ya matangi ya mafuta yanayokwenda Zambia na Kongo. Mwendo ni wa mtu aliyebeba maji kichwani. Upepo wa mbele haupo. Kazi yote ya kupoza imeachiwa feni.

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia aliyestaafu, na siku hizi mwanafunzi wake ni mimi peke yangu. Aliposikia habari ya Kitonga alikaa vizuri akanieleza kwamba karibu theluthi moja ya nguvu ya dizeli inaishia kwenye maji ya rejeta kama joto, theluthi nyingine inatokea kwenye ekzosi, na kinachobaki ndicho kinachosukuma gari. Nilichosikia mimi ni kwamba kila nikilipia lita tatu, moja tu ndiyo inayobeba vitunguu.

Pale mlimani kuna vijana wanaouza maji kwa dumu. Bei yao haiandikwi popote, inasomwa kwenye mvuke: gari linalofuka kidogo lina bei yake, na linalofuka mpaka dereva haonekani lina bei nyingine. Ukiwaambia maji hayo wameyachota mtoni bure, wanakuonyesha kwa kidole mto ulipo, kule chini bondeni, wanakukaribisha uende.

Utingo alitaka kuufungua mfuniko wa rejeta papo hapo ili amwage maji ndani. Dereva akamshika mkono, na kwa hilo nampa heko mpaka leo. Mfuniko ule una springi ya kushikilia presha, na presha ndiyo inayoyazuia maji yasichemke hata yakifika nyuzi 110 na zaidi. Ukiufungua yakiwa moto hivyo, yote yanachemka kwa pamoja, na njia yao ya kutokea ni usoni kwako. Wakasubiri. Wakatia maji kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma polepole, kwa sababu maji baridi ya ghafla kwenye chuma cha moto hupasua hedi. Asubuhi wakafika Iringa.

Kuchemsha kwa gari hakukosi waganga. Mwenye duka la vipuri aliyekuwa anauza hosi aliliangalia Fuso langu kwa mbali akasema ni hosi. Fundi rejeta alisema rejeta imeziba, ipigwe rodi. Muuza oili alisema oili. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa na mteja nusu kichwa, alipaza sauti, "Hiyo gari haipumui!" na gereji nzima ikamcheka. Nikanunua hosi. Nikalipia rodi. Oili nayo ikamwagwa ikawekwa nyingine. Kinyozi hakunidai kitu, ndiyo maana nadhani hakuna aliyemsikiliza.

Gari likapanda Kitonga, likachemsha. "Na pilau ipo vilevile, mama."

Hapo fundi mkuu akanipigia simu. "Mama, mzee yupo? Haya ni mambo ya injini." Nikampa mzee. Mzee akamweleza kwamba mji wa Iringa uko kama mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwamba sufuria ya maji hapa huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, na kwa hiyo mfuniko wa rejeta ukilegea, huku milimani gari linaumbuka mapema kuliko Dar es Salaam. Akamwagiza aupime mfuniko kwanza. Fundi alisikiliza yote kwa heshima, akasema "Sawa mzee, shikamoo mzee," akakata simu, akanipigia mimi: "Mama, tutoe themostati."

Themostati ni kidude kidogo chenye nta ndani. Maji yakiwa baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate joto. Yakikaribia nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma vali na njia inafunguka. Fundi alikishika kwa vidole viwili. "Hii wameiweka Wajapani kwa sababu kwao kuna barafu. Sisi Afrika ya nini?" Akakitia mfukoni mwa ovaroli.

Safari iliyofuata gari lilichemsha kona za chini kabisa, mahali ambapo zamani lilikuwa bado linajivuna. Mzee alifurahi mno, kwa sababu alikuwa na maelezo. Kwenye injini za aina ile, themostati inapofungua njia ya rejeta huwa wakati huohuo inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazungukazunguka ndani ya injini bila kufika rejeta. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia fundi. Akasema alikuwa bado hajafika sura hiyo.

Fundi naye hakukata tamaa. Aliwasha injini mfuniko ukiwa wazi, akaniita nione mapovu. "Gasketi ya hedi, mama. Tufungue hedi." Akataja kiasi ambacho ilibidi nimwombe akirudie, na aliporudia kilikuwa kimeongezeka. Mzee akauliza: oili imekuwa nyeupe? Hapana. Ekzosi inatoa mvuke? Hapana. Kwenye tambarare maji yanapungua? Hapana. "Basi acha iungurume." Ikaunguruma, mapovu yakapungua, yakaisha; kumbe ilikuwa hewa iliyobaki kwenye mabomba baada ya kujaza maji. Fundi alinyong'onyea kama bwana harusi aliyeahirishiwa siku.

Katika vurugu hizo kuna simu moja sitaisahau. Dereva alikuwa anapanda, geji imefika kwenye nyekundu, mara akapiga kwa shangwe: "Mama, Mungu mkubwa! Geji imeshuka yenyewe mpaka chini! Imepoa!" Mzee aliruka kutoka kwenye kiti, jambo ambalo goti lake halijamruhusu kwa muda mrefu. "Mwambie azime! Azime sasa hivi!" Kumbe kile kipima joto kinategemea kuguswa na maji. Maji yakishamwagika yote, kinabaki hewani, kinatoa taarifa ya uongo kwa moyo mkunjufu. Hosi ya chini ilikuwa imepasuka. Ile mpya.

Basi gari likarudi gereji, wakakinyanyua kichwa ili wafunge hosi nyingine. Utingo akiwa ameinama pale juu, sarafu yake ya mia tano ikamponyoka mfukoni, ikadumbukia kwenye upenyo kati ya rejeta na intakula, kile kipoza hewa ya injini kinachokaa mbele yake. Mia tano ya utingo si ya kuachwa. Akaingiza vidole, akatoa ganda la kitunguu. Akaingiza tena, akatoa mengine. Akaanza kuvuta maganda kwa viganja, yaliyokuwa makavu, yaliyoloa, yaliyoungua kidogo pembeni hadi rangi ya kahawia, na gereji nzima ikajaa harufu iliyowafanya mafundi wainue vichwa waulize nani amepika.

Mambo yalikuwa hivi. Betri yetu haiaminiki, kwa hiyo dereva hazimi gari wakati wa kupakia. Pale Mbuyuni akina mama wanachambua vitunguu kando ya magunia na maganda yamezagaa kila mahali, mepesi, yanapeperuka. Fuso linasimama katikati yake likiunguruma, na feni inavuta. Maganda yanapenya pembeni ya intakula, yanashuka, yanakwama mbele ya rejeta. Kisha utingo wangu, kijana msafi, analiosha gari kila safari kwa mpira wa presha, kutokea mbele, anayashindilia ndani. Ukisimama mbele ya gari unaona intakula inang'aa, unampongeza. Nyuma yake rejeta ilikuwa imefunikwa godoro.

Maganda yalijaza mfuko wa saruji. Wakalegeza boliti za intakula, wakapuliza kwa kompresa kutokea upande wa injini kuja nje, kama inavyotakiwa, na maganda mengine yakaruka hadi kwa kinyozi. Alitoka nje na mashine mkononi, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno. Mia tano haikuonekana. Utingo ameiweka kwenye madai yake ya mwezi, na nimelipa.

Safari ya kwanza baada ya hapo nilikwenda nao mwenyewe. Tani zetu saba mgongoni, jua la saa saba, mbele yetu tangi la mafuta linatambaa. Nilikuwa nimeikazia macho geji muda wote. Ilipanda, ikavuka nusu kidogo, ikatulia hapo hadi kileleni. Wauza maji walitutazama tukipita kama watu wanaomwona mteja wa kudumu akihamia duka lingine.

Tukashusha Makambako, tukaendelea Njombe. Asubuhi ya Njombe si ya mchezo. Dereva alivaa makoti mawili, na Fuso likawa linatoa moshi mweupe, linakunywa dizeli kuliko kawaida, geji imelala chini haitaki kunyanyuka. Nilishaanza kumpigia mzee, lakini safari hii jibu nilikuwa nalo. Injini haikuwa na cha kuzuia maji yasikimbilie rejeta asubuhi yenye ukungu. Ilitaka themostati.

Tuliporudi Iringa nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Hakushangaa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli lilelile, akapapasa kati ya nati na kalamu, akakitoa kidude chetu, akakifuta kwenye paja.

"Mama, hii ni orijino, imetoka Japani yenyewe," akasema. "Na huku kwetu kuna baridi, huwezi kuendesha bila themostati." Akataja bei. Halafu, kwa kuwa mimi ni mteja wake wa siku nyingi, akasema ufundi wa kuirudisha atanitoza nusu.